Fukusi wa Orodha ya Marehemu

Jumanne, baada ya misa ya asubuhi, Rosa Kiden alifagia ofisi ya parokia pale Arua, na chini ya meza ya kompyuta akapata fukusi kikombe kimoja na nusu. Walikuwa wadudu wale wale wa kila juma: weusi, wadogo kuliko wa maharagwe, na wakikanyagwa walitoa harufu ya yai bovu. Aliwazoa, akawatupa chooni, akanawa mikono mara mbili. Kuku waliwakataa tangu mwanzo.

Fukusi hao waliingia kwa disketi. Katekista akileta ya kwake kutoka Adumi, au ikija nyingine kutoka Kampala, walikuwa ndani yake, na wakishafika kwenye kompyuta walikula majina. Barua hawakuzigusa. Walipenda majina, na zaidi ya yote majina ya orodha ya marehemu.

Orodha hiyo ilisomwa kanisani kila Ijumaa ya Novemba. Marehemu aliyesomwa jina alifika nyumbani kwake jioni ile, akanywa maji aliyowekewa mlangoni, akaulizia watu wake, akaenda zake. Zamani majina yaliandikwa kwa mkono, na ikawa vita: huyu alimwandika wa kwake mara tatu, yule akamfuta wa jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba la muhogo. Mwaka 1993 waumini wakakubaliana kwamba jina lisilotoka kwenye mashine halisomwi. Kompyuta haina shamba, walisema, wala haina shemeji. Rosa naye aliinua mkono.

Kasimiro, mume wake, alikuwa mwanajeshi. Alikufa mwaka 1979 njiani kwenda Koboko, na hakuna aliyejua alipozikwa. Wajane wengine walikuwa na kaburi la kupigia magoti. Rosa alikuwa na jina tu, mstari wa mia mbili na kumi na saba. Kila Novemba Kasimiro alikuja, akakaa kwenye kigoda, akauliza kama paa bado linavuja. Linavuja, Rosa alimjibu, na hayo yaliwatosha.

Aliyewazuia fukusi ni Kamisi, Mwislamu wa Lurujo, upande wa Koboko. Wakati wa ukimbizi alitengeneza redio Ariwara, ng'ambo ya mpaka. Baadaye akajifunza kompyuta, akaandika programu yake mwenyewe ya ulinzi. Kila mwezi alikuja na lori, akaingiza disketi yake, na baada ya dakika kumi fukusi walimwagika kwenye mwanya wa mashine, wamekufa, kama mchele kutoka guniani. Kuna siku alichelewa, na Rosa akazianika disketi za parokia juani juu ya mkeka, kama anavyoanika maharagwe yenye wadudu. Zikajikunja kama chapati. Kamisi alicheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo alimwita daktari.

Kamisi ndiye aliyeuona ufa wanamopita fukusi. Ulikuwa kwenye mfumo wenyewe, ule unaoiamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote. Aliwaandikia watengenezaji wa mfumo barua tatu. Mwaka 1996 badala ya jibu akaja Anguyo, wakala wao, mtu wa Pajulu mwenye tai.

Anguyo aliweka mfumo mpya. Ndani yake, alimweleza Padri Lino, mna mlinzi wa kampuni, tena ni bure. Padri akafurahi. Rosa aliuliza kama ule ufa umezibwa. Anguyo akasema hayo ni mambo ya mlinzi.

Kamisi alipokuja na disketi yake, mashine iliitema. Akairudisha, ikaitema tena. Mara ya tatu ilitoka kwa nguvu ikamkata kidole.

"Nyumba iko ya kampuni," Anguyo alisema. "Askari pia iko ya kampuni. Wewe mutu ya inje, unataka kulinda nini?"

"Basi alinde," Kamisi alisema. "Mimi nanyamaza. Lakini alinde."

Walipotoka nje barazani, Rosa alimwambia labda waianike mashine. Safari hii Kamisi hakucheka. Alifunga kidole kwa leso, akapanda lori la saa nane.

Mlinzi wa kampuni hakuua hata mmoja. Fukusi sasa walitoka wakiwa hai, kwa mstari, na kila mmoja alikuwa na muhuri wa kampuni mgongoni, safi, kama ule ulio kwenye boksi la mfumo. Juma la kwanza Rosa alizoa ungo mzima. Anguyo alipokuja kukagua akiwa na Padri Lino, Rosa aliuweka mbele yake mezani, karibu na chai.

Anguyo alitazama kioo cha kompyuta. "Mama, mashine nasema sufuri."

"Na hawa iko nini?"

"Hawa iko na muhuri."

Fukusi watano walikuwa wamekwisha kuingia kikombeni mwake. Alikoroga, akanywa, akatafuna. Rosa alisikia maganda yakivunjika katikati ya meno, huku mwenye meno akimhesabia Padri parokia zitakazofuata kupata mfumo huo. Mguu mmoja mweusi ulinasa kwenye mdomo wake, akaulamba. Rosa alimwomba Mungu asimwache atapike mbele ya padri, na Mungu akamsikia.

Jina la Kasimiro lilikwisha kuliwa, na kila lilipochapwa upya kwenye mashine lililiwa tena. Rosa akamwomba Padri Lino aliandike kwa mkono, hilo moja tu.

"Mama Rosa, tulikubaliana wote," Padri alisema. "Nikianza na la kwako, kesho ni vita."

Ijumaa ya kwanza ya Novemba Padri alisoma majina sita, akanyamaza palipoliwa, akasoma mawili, akanyamaza kwa muda mrefu zaidi. Mstari wa mia mbili na kumi na saba ulikuwa kimya. Watu waliitikia sala kama kawaida.

Jioni kigoda kilikaa kitupu. Rosa alichukua kibuyu cha maji akaenda parokiani. Marehemu walioliwa majina walikuwa wamekaa barazani mwa ofisi, themanini hivi, wamepangana vizuri. Hawakujua waende kwa nani. Kasimiro alikuwa wa tatu kutoka mlangoni. Alipokea maji, akanywa.

"Asante, mama. Wewe ni wa nani?"

"Mimi Kiden. Wa kwako."

"Aa," alisema kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni.

Imekuwa hivyo kila Novemba. Kamisi amerudi kwenye redio, Koboko. Anguyo huja na toleo jipya, huruka miguu ya marehemu akiwaambia wazee samahani, kisha husoma sufuri, hunywa chai yake. Rosa hufagia akizunguka nyayo zao. Ijumaa iliyopita fukusi mmoja alikuwa akitembea kwenye kola ya Kasimiro. Rosa alimtoa kwa kucha, akamponda sakafuni, akaufuta muhuri kwa kandambili.

"Paa bado linavuja," alimwambia mumewe, ambaye hakuwa ameuliza.