Ruhusa ya Kwenda Kumwona Mama

Siku Mushiya alipokabidhiwa ufunguo wa atelye ya kushona nguo ya Mama Adolphine, pale mtaani Manika, washonaji wote walipiga makofi, na hakuna hata mmoja aliyefurahi. Utawalaumu? Mama Adolphine alianza na cherehani moja ya mguu, akawafundisha kazi wote mmoja mmoja. Sasa ugonjwa ulikuwa umemlaza kitandani, akaamua kumwuzia atelye Mushiya, huyu aliyekuja kutoka Kasaji miaka minane tu iliyopita, mdogo kuliko wote. Mama Bilonda alikuwa na miaka ishirini na mmoja pale. Alirudi kwenye cherehani yake.

Ubishi wao haukuwa na kelele. Mushiya akisema mkono wa blauzi ukatwe hivi, Bilonda anaweka mkasi chini, anajifunga kitenge vizuri, anapanda pikipiki hadi nyumbani Dilala kumwuliza Mama kitandani. Rangi ya zipu, kwa Mama. Godefroid wa mashine ya nakshi naye, uzi ukikatika, eti hawezi kuendelea mpaka Mama ajue. Watu wazima hao, jamani! Nguo za harusi zikachelewa, wateja wawili wakaja kuchukua vitambaa vyao na kwenda zao.

Jumapili moja baada ya misa Mushiya alikwenda Dilala mwenyewe, akamkuta Mama amekonda mpaka pete ya ndoa imezungushiwa uzi isidondoke. Alitegemea kupewa pole. Mama alimshika mkono.

“Bakataze kuya huku, bote,” alisema. “Kama banaendelea kuya kwangu, siku mi nitakufa, atelye nayo itakufa. Useme ni wewe umekataza. Usinitaje.”

Mushiya alimwambia kwamba watamchukia. Mama akasema watachukia kidogo, kisha watazoea, akamwapisha palepale.

Kesho yake Mushiya alisimama mbele yao, akasema kuanzia leo hakuna ruhusa ya kwenda kwa Mama, saa za kazi wala baada ya kazi, kwa sababu Mama anahitaji kupumzika. Alisema haraka asije akalia, wao wakasikia kiburi. Waliojaribu kwenda kwa siri walikutana na binti wa Mama mlangoni, akawaambia Mama amelala. Naye alikuwa ameagizwa na Mama, ila wao waliona mkono wa Mushiya hapo pia.

Na kazi ikaenda! Hilo ndilo lililokuwa chungu. Maswali yakaanza kumfikia Mushiya, kwa shingo upande, lakini yakamfikia. Kila jioni alikwenda peke yake kumpa Mama habari, na kila jioni Mama aliwaulizia kwa majina, kama mke wa Godefroid amejifungua, kama mguu wa Bilonda unaomsumbua unapona, kisha analia. Mushiya alimsihi amruhusu awalete hata mara moja tu. Mama aligeukia ukutani. Roho ilimuuma Mushiya, akatamani kama asingalinunua hata sindano moja ya atelye ile.

Mama alikufa Alhamisi mchana. Kwenye kilio wanawake wa atelye walikaa mkeka mmoja, na Mushiya alipotaka kuketi, hakuna aliyesogea. Baada ya mazishi Bilonda alimfuata mpaka njiani, macho yamevimba.

“Mi nilikuomba mara tatu kumuona, ukanikatalia,” alisema. “Niambie kitu kimoya tu. Alikuwa anatuulizaka?”

Mushiya angeweza kujitua mzigo wote hapo. Angesema amri ilikuwa ya Mama, na uadui ungekwisha. Lakini Bilonda angerudi nyumbani akijua kwamba aliyefungiwa mlango ni yeye, na aliyeufunga ni Mama yake mwenyewe.

“Kila siku,” Mushiya alijibu. “Alikuwa anaita jina yako, anauliza mguu yako kama inapona.”

“Na wewe ukatukataza.”

“Ndiyo, mama. Ni mi nilibakataza.”

Bilonda akaketi chini kwenye vumbi, akalia kwa sauti. Mushiya alitaka kumwinua, akaona heri asimguse.

Jumatatu walikuja wote, hakuna aliyechelewa. Mushiya aliwaamkia. Walivuta viti, wakainama, cherehani zikaanza kulia zote kwa pamoja, na hakuna aliyemwitikia.