Plasta Mgongoni mwa Kaseti

Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja hushika pembe mbili huku, mwingine pembe mbili kule, mnavuta mpaka likaze, mnalipiga hewani kuondoa makunyanzi, kisha mnatembea kuelekeana mpaka mikono yenu ikutane. Katika kiwanda chetu cha dobi mwenzangu wa kukunja alikuwa wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Kila siku ya kazi nilimwendea, nikamtazama machoni, nikamkabidhi pembe zangu, tukarudi nyuma na kuanza upya. Sikuwa na pa kumkwepa, wala yeye hakuwa na pa kunikwepa.

Nikifanya kazi husikiliza kaseti. Nina rekoda ndogo ninayoifunga kiunoni, yenye kitufe chekundu cha kurekodi na mlango unaoshikwa na mpira wa nywele kwa sababu kibanio chake kilikatika. Napenda uzito wake ubavuni. Napenda ule mvumo mdogo kabla ya sauti kuanza, kama mtu anayevuta pumzi ili aseme. Upande ukiisha mashine hujizima yenyewe, nami naigeuza kaseti kama mtu anavyogeuza mto apate ubaridi wa upande wa pili. Kwenye kaseti moja nimemrekodi mwalimu wetu wa masomo ya jioni akifundisha kugawanya, chaki ikigonga ubao. Kwenye nyingine kuna kwaya ya kanisani kwetu. Utepe ukilegea, naukaza kwa kalamu ile ile ninayoandikia darasani.

"Dunia nzima imehamia kwenye simu," mpiga pasi wetu hunitania. Sote twamwita Mzee Pasi. "Wewe bado unasokota utepe kama unasuka ukili."

"Simu yako ikiisha chaji, Mzee Pasi, utakuja kuniomba wimbo."

"Nitakuja. Nitapiga hodi kabisa."

Kaseti niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mama. Nilimrekodi asubuhi moja jikoni, akiwa bado ana nguvu za kukaa, anachambua mchele na kuomba. Mama hakuwa mtu wa kufumba macho. Aliomba huku mikono ikifanya kazi, akimweleza Mungu habari zetu kama mtu anayeongea na jirani dirishani. "Huyu binti yangu mkubwa," alisema, "ameingia darasani na mvi zake. Baba, usimwache aone haya. Mfungulie kichwa." Baada ya kumzika, maneno hayo ndiyo yaliyonisukuma jioni nilipokuwa njiani kwenda shule na miguu inataka kurudi nyumbani. Nilikuwa nayasikiliza mpaka mlangoni mwa darasa. Kisha navua hedifoni, naingia. Jumapili nilimwachia mdogo wangu kaseti hiyo, akaisikilize kwake.

Ili isifutike, nilivunja kile kijiti cha plastiki kilicho mgongoni mwa kaseti. Kikishavunjika linabaki tundu, na mashine haikubali tena kurekodi. Nilimwonyesha wifi siku moja tukiwa tunakunja, nikijisifu kama fundi. "Sasa hata mimi mwenyewe siwezi kuifuta," nikamwambia. "Labda mtu azibe tundu."

Naam. Mimi mwenyewe nilimfundisha.

Siku fulani wifi aliazima rekoda pamoja na kaseti hiyo. Alisema mume wake amemkumbuka mama. Nilifurahi, hata nikaweka betri mpya. Alivirudisha kesho yake, amevifunga kwenye kitambaa safi, na asante nyingi.

Jioni nikiwa njiani kwenda darasani nilibonyeza. Ukaja wimbo wa redioni, wa kuchezea harusini. Nikadhani nimechukua kaseti nyingine. Nikaitoa, mwandiko ulikuwa wangu, "MAMA", herufi kubwa za mtu anayejifunza. Nikaigeuza mgongo. Juu ya tundu palikuwa na plasta, ile ya rangi ya udongo tunayoiweka kiwandani kwa ajili ya watu wanaoungua na pasi, imekatwa vizuri kwa mkasi. Wiki hiyo aliyekuwa ameungua ni mtu mmoja tu. Kidole chake kilichofungwa plasta kilikuwa kimenigusa mara ngapi tulipokutanisha pembe!

Nilisimama kando ya barabara nikaendelea kusikiliza, nikitumaini kwamba mahali fulani wimbo utakatika. Ndipo nikasikia watu nyuma ya muziki. Wifi hakuijua rekoda. Aliiweka mbele ya redio akadhani itachukua wimbo peke yake, kumbe kile kinasa sauti chake kidogo husikia chumba kizima, hata kijiko kikianguka.

"Inarekodi?" Hiyo ilikuwa sauti ya mdogo wake wifi.

"Inarekodi. Acha wimbo umzibe mdomo. Mama mkwe kafa, bado anaongea nyumbani kwangu! Kila Jumapili mume mzima anakaa na hiyo kaseti, analia kama mtoto aliyeachishwa ziwa."

"Na wifi yako je, si atakuja juu?"

"Nani, yule mwanafunzi? Ana mvi kumshinda mwalimu! Cheti chake akikipata akipeleke wapi, makaburini?"

Wakacheka. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Nyimbo zikafuatana, na maneno yakafuatana, mengine siwezi kuyaandika. Mwishoni kabisa pakasikika "tak", na mama akatokea katikati ya sentensi, kama mtu aliyefungiwa chumbani akafunguliwa mlango.

"... na mke wa mwanangu, Baba. Ulimi wake ni mrefu, na wewe ndiye uliyempimia. Lakini siku niliposhindwa kunyanyuka alinigeuza kitandani bila kukunja uso. Usimsahau. Mimi nikisahau, wewe usisahau."

Ukasikika mchele ukimiminwa kwenye sufuria, na upande ukaisha.

Hayo tu ndiyo yaliyobaki. Maombi yangu mimi, ya kufunguliwa kichwa, yalikuwa yamefutwa. Katika maneno yote ya mama, yaliyonusurika yalikuwa yanamwombea aliyemfuta.

Sikwenda darasani jioni ile. Niliingia kanisani, palikuwa patupu, nikapiga magoti karibu na benchi la mwisho. Najua kisasi ni mali ya Mungu. Nikamwomba aniazime. Nilimwahidi nitakirudisha kikiwa safi na kimekunjwa, kama tunavyorudisha mashuka ya watu.

Asubuhi nilivaa hedifoni, nikaweka kaseti ile, nikashika pembe zangu. Tulipokutana katikati, nikacheka.

"Nini kinakuchekesha, wifi?"

"Kaseti tu."

"Ya kwaya?"

"Ya redio. Kuna nyimbo, na watu wawili wanaongea kwa nyuma. Mmoja ana utani huyo!"

Pembe zilimponyoka. Shuka jeupe likatandazika sakafuni penye maji, ikabidi lirudi kufuliwa.

Kesho yake nilisikiliza tena, na siku iliyofuata. Wakati mwingine rekoda ilikuwa imezimwa, lakini nilitikisa kichwa na kusema polepole, "Eti makaburini." Wifi alianza kukonda uso. Tatizo lake ni kwamba hakukumbuka alichosema na alichokiacha moyoni, kwa hiyo alikiogopa chote. Akaanza kuniletea chai. Akawa ananyanyua yeye vikapu vizito. Aliniita dada, yeye ambaye tangu aolewe aliniita wifi kwa kuvuta midomo.

"Mkizidi kupendana hivi mtatutia wivu," Mzee Pasi alisema huku akipuliza mvuke.

"Wifi yangu amenijua sasa," nikamjibu.

Nilikunywa ile chai. Ilikuwa tamu. Niliomba kabla ya kuinywa.

Kisha mdogo wangu akaingia. Yeye ndiye dereva wa gari la kiwanda, kuukuu, ambalo hataki libadilishwe kwa sababu redio yake bado inameza kaseti.

"Dada," aliniambia, "kesho nina safari ndefu ya kupeleka mashuka. Nipe mama nisafiri naye."

"Njoo kesho mchana uichukue. Pitia mlango wa nyuma."

Nilisema hayo nikimtazama mke wake upande wa pili wa shuka.

Kesho yake wifi alinifuata penye kamba za kuanikia. Alipiga magoti kwenye saruji yenye maji.

"Dada, nakuomba. Ifute. Rekodi juu yake chochote, hata mwalimu wako, hata kuku. Akiisikia atanifukuza."

"Leo ndiyo unataka ifutwe? Si ulitaka wimbo usikike?"

"Ilikuwa hasira. Alikuwa haniongeleshi Jumapili nzima, anaongea na marehemu."

"Marehemu alikuwa mama yangu."

"Najua."

"Hujui. Nyanyuka."

Nilimpeleka chumba cha kukunjia. Nikaweka rekoda mezani, kaseti ndani, plasta bado iko mahali pake. "Sikiliza mpaka mwisho," nikamwambia. "Ukimaliza, mpe mumeo kwa mkono wako. Au fanya unavyojua. Kitufe chekundu unakijua."

Nikatoka, nikasimama nyuma ya kidirisha cha upande wa mashine. Nilikuwa nimepanga yote. Mdogo wangu angeingia kwa mlango wa nyuma amkute kidole kikiwa juu ya kitufe, na hapo pasingekuwa na maneno wala machozi ya kumwokoa. Nilijua kitakachofutika ni nini. Kile kipande cha mama kilichobaki nilikifanya chambo, na nikaona kinafaa.

Alirudisha utepe mwanzo, akavaa hedifoni. Mara ya kwanza aliposikia sauti yake alijifunika uso kwa shuka. Alisikiliza hivyo hivyo, amejifunika, mabega yanapanda na kushuka. Kisha akafunua uso, na kidole gumba kikaenda kwenye kitufe chekundu. Nje, honi ikalia.

Bonyeza, nikasema moyoni. Bonyeza. Sijawahi kuomba kwa unyofu kama nilivyoomba dakika ile.

Kidole kikasita. Akainamisha kichwa kama anayeitwa kutoka mbali, akakandamiza hedifoni masikioni kwa mikono yote miwili. Nikajua amefika wapi. Akarudisha utepe nyuma kidogo, akasikiliza. Akarudisha tena. Mara ya tatu midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na ya mama.

Alitoa kaseti. Alijaribu kubandua plasta kwa kucha. Ilikuwa imeganda, akaitia meno. Ndivyo mumewe alivyomkuta alipotokea mlangoni.

"We mwanamke, unakula kaseti?"

Hakucheka. Alitema plasta mkononi, akampa kaseti.

"Niliifuta kwa makusudi," alisema. "Mama amebaki mwishoni, kidogo tu. Ukitaka kumfikia itabidi unipitie mimi, na maneno yangu ni mabaya. Usipeleke mbele. Sikiliza yote."

Mdogo wangu alimtazama, akaitazama kaseti, akageuka. Kupitia mlango ulioachwa wazi niliona kisogo chake ndani ya gari. Injini haikuwashwa. Sikusikia kitu, lakini kaseti ile nilikuwa naijua kwa moyo, nikawa nafuata: sasa wimbo, sasa ziwa, sasa makaburi. Mara aliegemeza paji la uso kwenye usukani. Akakaa hivyo mpaka upande ulipopaswa kuisha, kisha gari likaondoka bila yeye kututazama hata mmoja.

Mke wake alibaki amesimama mlangoni. Hakujua kama atarudi kwenye nyumba yenye mume au yenye mlango uliofungwa, na mimi pia sikujua. Nikaisubiri furaha yangu. Ilikuja, lakini ilikuja nzito na ya polepole, kama sauti ya kaseti betri zinapoisha.

"Jamani, mashuka ya watu!" Mzee Pasi aliita kutoka upande wa pili.

Nikaingia, nikachukua shuka juu ya rundo, nikalifungua, nikashika pembe mbili. Nyingine mbili zilining'inia. Wifi alikuja, macho mekundu, ile plasta ya kaseti bado imemganda kidoleni, akaziokota.

"Umeridhika?" aliniuliza.

"Bado."

"Haya. Vuta."

Nikavuta. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, kuliko shuka lilivyohitaji, naye hakuachia.