Mtoto wa Kuazima

Kila Jumapili misa ikishatoka, Nawoi hakutaka maneno na mtu. Alikwenda nyuma ya kanisa pale Lodwar, akaketi kwenye kivuli cha ukuta, simu mkononi, akisubiri Australia ipige. Wenzake wa soko la vikapu walikwisha kumzoea. Walimtania kwamba ana mchumba ng'ambo, naye aliwaacha waseme watakavyo, maana mchumba angekuwa rahisi kueleza kuliko ukweli wenyewe.

Ukweli ni kwamba binti yake wa pekee, Akai, alikuwa Australia mwaka wa kumi sasa, na huko hakuitwa Akai. Aliitwa Ayak, binti Abul.

Mambo yalianza Kakuma, kabla Nawoi hajahamia Lodwar. Alikuwa mjane kijana akiuza kuni kwenye kambi ya wakimbizi, na mteja wake wa kudumu alikuwa Abul, mwanamke wa Kidinka aliyekimbia vita vya Sudan na watoto wanne. Hawakuwa na lugha moja. Walianza kwa vidole, wakaingia kwenye Kiswahili cha kuungaunga, na kabla hawajajua vizuri kusalimiana wakawa marafiki. Kisha malaria ikamchukua Ayak, kitinda mimba wa Abul. Abul alimzika, akalia machozi yake yote, ila hakwenda kumfuta kwenye kadi ya chakula, kwa kuwa kumfuta kungepunguza unga wa waliobaki. Usimhukumu. Hata wewe, ungekuwa na vinywa vitatu vya kulisha, usingekimbilia ofisini kupeleka habari za msiba.

Ikatangazwa siku ya kuhesabiwa. Kambi nzima ipange foleni, kichwa kwa kichwa, na asiyekuwepo na lake halipo. Asubuhi ile Abul alifika kwa Nawoi akasimama mlangoni, na Nawoi akaelewa. Alimnawisha Akai uso, akamwambia leo unaitwa Ayak, ukiulizwa mama yako ni nani, muoneshe huyu. Akai alikuwa na miaka mitano. Alichovya kidole kwenye wino, akarudi jioni anatafuna biskuti. Tangu hapo unga wa Ayak uligawanywa, nusu kwa Abul na nusu kwa Nawoi, na ukame ulipomaliza mbuzi wa Nawoi wakabaki watatu, nusu ile ndiyo iliyomvusha Akai mwaka.

Nawoi hakuona amefanya kosa. Kwa Waturkana, kumweka mnyama wako kwenye zizi la rafiki ni jambo la heshima. Mbuzi wako anaweza kukaa Lokitaung miaka kumi, akanywa maji ya huko, akazaa huko, akaitikia mluzi wa huko, na bado ni wako. Siku ukienda kumchukua hakuna atakayekudai karatasi, kwa sababu sikio lake lina mkato wa ukoo wenu. Nawoi alimwazimisha Abul mtoto kwa moyo huohuo, na hakujua kwamba kadi haina masikio.

Mwaka 2003 jina la Abul likabandikwa ubaoni: Australia, yeye na watoto wanne. Walioandikwa wanne walitakiwa kupanda ndege wanne; akikosekana mmoja, familia nzima ingerudishwa nyuma kwenye maswali. Abul alikuja tena kwa Nawoi, akakaa chini, akashindwa kuomba. Ikabidi Nawoi aseme yeye. Nenda naye, alisema, huko kuna shule, akikua atarudi. Siku moja kabla ya ndege akamkalisha Akai mapajani, akamtoboa sikio la kushoto kwa mwiba, juu kabisa, akapitisha uzi mweusi. Mtoto alilia sana. Nawoi hakulia siku ile. Alianza wiki iliyofuata, na kusema kweli hakuwahi kumaliza. Wanasema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini kwa Nawoi matanga yalimwangukia aliyekopesha.

Sasa turudi kwenye simu. Jumapili moja ya mwezi wa tatu, mwaka 2013, Akai alipiga akiwa anacheka na kulia pamoja. Kiturkana chake kilikuwa kimebaki maneno yasiyofika kumi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini alichoondoka nacho.

"Mama, sasa mimi iko raia," alisema. "Wewe kuja hapa. Kuja kukaa."

Abul alikuwa amechelewa miaka mingi kuomba uraia, kwa kuogopa maswali, na Akai alipofikisha umri alijiombea mwenyewe. Alimsimulia mama yake jinsi walivyosimama ukumbini wakaapa, kisha kila mmoja akapewa mche mdogo wa mti kwenye kopo akaupande. Mche ule aliuweka dirishani. Raia, alisema, anaweza kumwombea mzazi wake. Kilichotakiwa ni pasipoti ya mama na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, chenye jina la mama.

Ofisi ya vyeti ya Lodwar ilikuwa na karani mmoja, Ngugi, aliyeletwa kutoka Nyeri kwa barua ya uhamisho na ambaye hajalisamehe jua la Turkana hadi leo. Alikuwa mtu mwema ukishavumilia manung'uniko yake. Alimwambia Nawoi kwamba mtoto aliyezaliwa nyumbani miaka kumi na tisa iliyopita huandikwa kwa ushahidi, na ushahidi ulio mzuri ni kitabu cha ubatizo. Nawoi akapanda gari hadi Kakuma, na kule parokiani wakafunua daftari la mwaka 1994: Akai, mama yake Nawoi. Akarudi na nakala iliyogongwa mhuri. Ngugi akapeleka mambo mbele, na baada ya wiki sita cheti kikatoka.

Nawoi hakujua kusoma. Ngugi alimshika kidole akakiweka juu ya maandishi. "Hapa ni Akai," alisema. "Na hapa ni wewe, mama." Nawoi aliacha kidole chake pale kwa muda, watu wakisubiri nyuma yake, na kwa mara ya kwanza Ngugi hakunung'unika.

Siku zile alitembea Lodwar kama bibi harusi. Mji ulikuwa umejaa wageni wa mafuta na wanasiasa wa kaunti mpya, lakini Nawoi alijiona mgeni rasmi kuliko wote. Alinunua sweta, kitu ambacho Lodwar huvai hata ukiwa na homa. Akaanza kusuka kwa majani ya mkoma kikapu kikubwa chenye mistari mitatu myekundu, cha Abul, kwa sababu mtu haendi kumchukua mbuzi wake mikono mitupu.

Ilibaki fomu moja, iliyotumwa kutoka Australia. Wa kuijaza alikuwa Biar, shemeji yake Abul, aliyebaki kambini. Biar alikuwa amejaza fomu za watu wasiohesabika, wakaruka wote, na faili lake mwenyewe lilikuwa linasubiri mwaka wa kumi na moja. Nawoi alimkuta kibandani mwake Kakuma, akampa cheti kwa mikono miwili. Biar alikisoma. Akasoma fomu, ambako Akai alikuwa amekwisha kuandika habari zake mwenyewe. Akaviweka kando kwa kando juu ya meza.

"Mama Akai, hii karatasi nani amekupa?"

"Serikali. Iko na mhuri."

"Mhuri iko sawa. Hapo ndiyo shida."

Akamweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mwenzake msiba. Yule anayemwomba mama aende huko anaitwa Ayak, amezaliwa Sudan, mama yake ni Abul, na kwa jina hilo aliingia kama mkimbizi na kwa jina hilo ameapa. Cheti hiki kinasema ni Akai, amezaliwa Kakuma, ni Mkenya. Karatasi hizi mbili zikikutana kwenye meza moja, mwenye meza atauliza. Huenda wasifanye kitu. Na huenda wakasema uraia ulipatikana kwa uongo, wakamnyang'anya msichana, wakamgeukia na Abul aliyetia sahihi, na watoto wake.

Nawoi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Biar, wewe ni mtu ya ng'ombe. Ng'ombe yako ikikaa kwa rafiki, inakuwa ya rafiki?"

"Hapana."

"Basi."

"Huku, mama. Kule hawaangalii sikio."

Nawoi hakukubali kushindwa upesi. Alikuwa amesikia kwamba wazungu wana kipimo cha damu kinachojua mtoto ni wa nani. Wampime basi, hata wamalize damu yote.

"Damu itasema kweli," Biar alisema. "Na kweli ndiyo kosa."

Alimuuliza kama angeweza kwenda matembezi tu, kama rafiki wa Abul. Biar akatikisa kichwa. Mjane msuka vikapu, asiye na akaunti benki wala shamba, hakuna atakayeamini kwamba atarudi. Mwisho Nawoi akamuuliza yeye angefanya nini. Biar alisema amesubiri karatasi miaka kumi na moja, hawezi kumshauri mtu aiache aliyoipata, wala hawezi kumshauri aitumie. Akamwonya jambo moja: haya si ya kusema kwenye simu.

Njia nzima ya kurudi Lodwar Nawoi alikishika cheti kifuani chini ya leso. Alikuwa na haki, alikuwa na mhuri, alikuwa na mtoto anayemwita, na kutimiza moja ya hayo kungeweza kumrudisha mtoto kwenye foleni ya unga. Alimjua pia mwanawe. Akiambiwa sababu, angekwenda mwenyewe ofisini kwao akasema yote, kwa kiburi kile alichokirithi kwa baba yake. Kwa hiyo asiambiwe.

Jumapili alisema ofisi imekataa. Kitabu cha kanisa, alisema, kimeliwa na mchwa. Akai akauliza hakuna njia nyingine? Hakuna. Na hata ikiwepo, Nawoi aliongeza, ndege zinamtisha, na nani angemuuzia vikapu.

"Mama," Akai alisema, "wewe hataki kuja."

Jumapili tatu zilizofuata simu haikulia. Alikwenda vilevile nyuma ya kanisa, akakaa palepale mpaka kivuli kilipohama. Wenzake wa sokoni waliacha kumtania, na hilo lilimuuma zaidi ya utani. Jumapili ya nne simu ililia, sauti ya Akai ikiwa kavu. Alikuwa ameanza kazi, anaweka akiba, na Desemba angekuja yeye.

Siku yenyewe Nawoi alifika uwanja mdogo wa ndege wa Lodwar saa tatu kabla ya wakati, shanga zote shingoni, kikapu cha Abul mkononi, cheti kifuani. Abiria wakashuka. Alimtambua kwa mwendo, kwa maana huo haufundishwi shule yoyote: ulikuwa mwendo wa marehemu baba yake. Msichana mrefu, nywele za kusuka zimefunika masikio, begi mgongoni.

"Ejok," Akai alimsalimu kwa Kiturkana, kwa woga, kama anajaribu kiatu.

"Ejok," Nawoi alisema, na kabla hajamshika, askari akawa ameingia katikati.

Tangu magaidi walipovamia Nairobi mwezi wa tisa, kila mgeni mwenye pasipoti ya nje aliandikwa daftarini. Askari aliitwa Lokeno, kijana wa hapohapo, mwenye adabu. Aliifungua pasipoti, akasoma jina Ayak, akauliza nani anampokea.

"Mama yangu," Akai alisema, akamwonesha Nawoi.

Lokeno akamtazama Nawoi na shanga zake, akatazama pasipoti, akatabasamu. "Wewe umezaliwa Sudan, mama yako ni Mturkana?" Hakuwa na ubaya. Lakini kalamu yake ilikuwa juu ya daftari, na Nawoi alikuwa amejifunza mwaka ule kwamba karatasi zina miguu. Miaka kumi alikuwa ameliweka neno moja mdomoni, mwanangu, akingoja siku ya kulisema mbele za watu.

"Ananiita mama kwa heshima," alisema. "Ni mgeni wangu. Mama yake ni rafiki yangu, anaitwa Abul."

Lokeno akaandika mgeni. Akawaeleza kwamba viza ni ya miezi mitatu, ikipita hapo Nawoi mwenyeji ndiye atakayeulizwa, akawatakia siku njema.

Akai alitembea mbele bila kugeuka mpaka nje ya lango, chini ya mgunga uliokuwa umekauka nusu. Hapo akasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mara ya pili," alisema. "Mara ya pili umenipa kwa Abul."

Nawoi aliweka kikapu chini. Akaingiza mkono kifuani, akatoa kile cheti, kilichokuwa kimelegea kwa jasho la miezi saba, akampa. Akai alisoma jina lake. Akasoma jina la mama. Kisha akafika chini kwenye mhuri, akasoma tarehe, na akaisoma tena, kwa kuwa ilikuwa ya kabla ya ile Jumapili ya mchwa.

"Ulikuwa nayo," alisema.

"Nilikuwa nayo. Biar akanionesha. Hii na ile yako zikikaa pamoja, wanakutoa kule." Nawoi alitafuta maneno katika Kiswahili chake chembamba, hakupata mengi. "Mimi nilitaka kuja. Sweta niko nayo nyumbani."

Akai alikaa chini kwenye mchanga pale pale, na suruali yake nzuri. Nawoi akakaa naye. Akamsogeza nywele nyuma ya sikio la kushoto, akapapasa juu, mahali pa ule uzi. Tundu halikuwepo. Palikuwa na kijivimbe kigumu, kidogo kama punje ya mtama.

"Imefunga," Akai alisema. "Shule ilikataza hereni."

Alikikunja cheti akataka kukiweka kwenye begi. Nawoi akakichukua mkononi mwake polepole, akakirudisha kifuani. Hiki kinabaki Lodwar, alimwambia. Wewe utabeba kikapu, umpelekee Abul, umwambie nimeshukuru, amekulea vizuri. Akai alifuta uso kwa kiganja, akaitikia kwa kichwa. Kisha akazikusanya nywele zake zote upande mmoja, akamwinamishia mama yake sikio.

"Toboa tena," alisema.

Nawoi akainuka kutafuta mwiba, na Lodwar haikosi miiba.