Jenerali Alipojifungia Stoo

Kwa miaka saba msusi aliishi nyumba moja na mama mkwe wake, na kwa miaka yote hiyo hawakuwahi kugombana wala kupatana. Mama mkwe alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, mwanamke wa amri fupi fupi. Mtaa mzima ulimwita Jenerali. Akiumwa mtu pale nyumbani, yeye ndiye daktari, yeye ndiye nesi. Kiganja chake kikikugusa kipaji cha uso, umeshapimwa.

Ndipo homa ilipoingia mtaani, ile inayopita kwenye jasho, matapishi na damu ya mgonjwa. Mume wa msusi, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa amembeba mwenzake aliyeanguka karakanani. Siku ya nane alirudi mchana, macho mekundu, akaketi nje asikanyage kizingiti.

"Mke wangu, mtoe mtoto," alisema. "Mwili umenikataa."

Mhudumu wa afya wa mtaa, binti mpole mwenye buti za mpira, alifika mbio. Gari la wagonjwa lingekuja kesho; siku ile magari yote yalikuwa njiani. Mpaka hapo mgonjwa akae chumba chake peke yake, na ahudumiwe na mtu mmoja tu, mwenye glavu, barakoa na aproni.

"Ugonjwa huu unapita njia ya mapenzi," alisema. "Unamkamata anayefuta jasho, anayefua shuka, anayelala ubavuni. Mkimpenda, msimguse."

"Nitamhudumia mimi. Ni mume wangu," msusi akasema.

"Na mimi nilimzaa," Jenerali akadakia. "Wewe una Kidoti, mtoto wa miaka minne anayekupanda mgongoni kutwa. Mimi atanipanda nani?"

Msusi akampisha Jenerali achukue glavu. Maneno yale yalikuwa na uzito.

Kesho yake asubuhi gari lilikuja, likamchukua mgonjwa. Wapuliza dawa wakakisafisha chumba. Msusi alikuwa anakoroga uji alipomwona mama mkwe amesimama mbali uani, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Usinisogelee."

"Kuna nini, mama?"

"Jana alitapika. Nilikuwa nimeshavua glavu ninawe. Akaniita, 'Mama,' anatetemeka, sauti ileile ya utotoni. Nikamshika uso." Akaunyoosha mkono, akautazama kama si wake. "Mkono mtupu."

"Labda halitakuwa neno."

"Labda! Labda imejaza makaburi. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyeniona. Lakini Kidoti anakula kwa kijiko changu."

Godoro alikuwa ameshalihamishia stoo, katikati ya majora ya vitambaa. Akaingia, akajifungia komeo kwa ndani. Msusi alibaki na mwiko mkononi, uji unaungua, machozi yanamtoka. Hakuna siku aliyotamani kumkumbatia yule mwanamke kama siku ile.

Binti wa buti alikuja kila siku kupima joto. Msusi aliweka sahani kwenye kigoda, akarudi nyuma hatua sita, ndipo mlango ukafunguliwa.

"Chumvi imekimbilia wapi?" sauti ilitoka stoo.

"Imekuogopa, mama."

Kwa mara ya kwanza katika miaka saba, Jenerali akacheka hadi akakohoa, msusi akaingiwa na hofu.

Tangu hapo wakawa wanazungumza kila alasiri, mmoja ndani, mmoja uani, huku Kidoti akiwa dirishani ndani ya nyumba kuu akipunga mkono.

"Nilidhani hunipendi," msusi alisema siku moja.

"Sikukupenda," Jenerali akajibu. "Mwaka wa kwanza. Baadaye nilishazoea kununa, nikaona aibu kuacha."

Siku ya tisa mlango uligongwa kwa ndani. "Mwite yule binti. Kichwa kinapasuka. Na mtoto asitoke nje."

Walipompandisha garini, msusi alipiga hatua mbili mbele, kisha akajizuia, akajikumbatia mwenyewe.

"Vizuri," mama mkwe alisema kwa sauti ndogo. "Hivyo hivyo, mwanangu."

Hakuwahi kumwita hivyo.

Nyumba ya pili ilipoteza watu watatu. Walikuwa wameuguzana chumba kimoja, wakapeana shuka na vikombe. Kwa msusi, siku ishirini na moja zilipita tangu gari lile liondoke, na kipimajoto hakikupanda, si kwake, si kwa Kidoti.

Mume alipona mapema, akaomba kubaki kwenye kituo cha matibabu amlishe mama yake, maana waliopona hawaambukizwi tena, hivyo waliruhusiwa. Wakarudishwa pamoja, wamekonda, vyeti vya vipimo mkononi. Msusi alitoka mbio, akampita mumewe, akamkumbatia Jenerali hadi kitambaa chake cha kichwa kikaanguka.

"Mumeo yuko huku," Jenerali alinong'ona.

"Namwona," msusi akasema, asimwachie.