Mchungaji Salesio Hajui Kuigiza

Walio nami katika lile kundi letu la wapenzi wa sinema wanajua kwamba mimi sibembelezi filamu. Mwezi huu nimetazama tatu. Ya kwanza ni ya Kikorea, ya mpishi anayelipiza kisasi kwa kisu cha vitunguu. Nzuri, ila huyo shujaa alidungwa mpaka nikachoka kwa niaba yake, na bado akapanda ngazi akiwa na pumzi ya kutoa hotuba. Ya pili ni ya mapenzi, imetoka Lagos. Watu wanalia humo mpaka chai inapoa, na mvua inanyesha upande mmoja tu wa gari. Hizo nimemaliza kuzisema. Ya tatu inaitwa Mke wa Muuza Mchanga, na hiyo ndiyo imenikalisha chini niandike.

Ilirekodiwa kwetu Kiritiri, huko Mbeere. Mwongozaji ni Mwirigi, kijana wa Kaaga kule Meru, mwenye kamera moja na maneno mengi. Hadithi ni nyepesi: mfanyabiashara wa mchanga anamuua mkewe, anamzika kwa heshima zote, kisha mke anarudi kumsumbua. Mimi natengeneza simu Embu mjini, kwa hiyo sikuwapo wakati wa kurekodi. Aliyekuwapo ni dada yangu Rwamba. Yeye ni fundi wa nguo pale sokoni na ndiye aliyeshona mavazi ya waigizaji. Siku ya mazishi, msichana aliyepangiwa kuwa maiti aliliona jeneza, akachukua mkoba wake akaenda zake. Rwamba akacheka.

"Kwani kulala nako ni kazi?" akawaambia. "Nipeni hilo sanduku."

Mwirigi alinitumia filamu kabla ya wengine kwa sababu anauogopa ulimi wangu. Niliitazama dukani wakati wa chakula cha mchana. Mume anaigiza kama mtoto anayesoma shairi mbele ya mkaguzi. Taa hazieleweki. Lakini yale mazishi! Jua la saa saba la Mbeere, vumbi jekundu, akina mama wa kanisa na vitambaa vyao vyeupe, na mchungaji mzee aliyeshika kitabu kana kwamba kina uzito wa jiwe. Mama yangu mwenyewe anainama, anachota udongo, anautupa, na uso wake unabadilika. Uso ule haufundishwi. Niliirudia sehemu hiyo, nikairudia tena, kisha nikaandika kwenye kundi: "Filamu ni mbovu, mazishi ni dhahabu. Huyo mchungaji ndiye mwigizaji bora Embu na Meru nzima."

Jioni Rwamba akanipigia.

"Nimeona ulichoandika. Mchungaji Salesio hakuigiza."

"Unamaanisha nini?"

"Mwirigi alimwambia aseme maneno mawili matatu tu. Mzee akamjibu, 'Mimi sijui kuigiza mazishi. Najua kuzika.' Akafungua kitabu akasoma ibada yote. Alipofika penye jina, Mwirigi akampa lile la kwenye filamu. Akalikataa. Akasema hawezi kumdanganya Mungu akiwa amefumba macho. Akataja langu. Yote mawili, Agnesi Rwamba. Wakaimba, wakatupa udongo juu ya sanduku. Mama alikuwa wa kwanza."

"Na wewe?"

"Nilifanya kazi ya maiti. Nilinyamaza." Akashusha sauti. "Muriithi, tangu siku hiyo watu hawanijibu."

Nilicheka. Nilimwambia umaarufu umeshampanda kichwani kabla filamu haijatoka. Hakucheka.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Nilipitia kwanza dukani kwake. Rwamba alikuwa amekaa kwenye cherehani, mguu uko kwenye kanyagio, gurudumu linazunguka. Mwanamke mmoja aliingia na gauni la shule la bintiye, akasimama karibu naye kiasi cha kumgusa bega, akatazama huku na huku, akanigeukia.

"Kijana, fundi wa hapa alihama?"

"Si huyu hapa?"

Alitazama nilikoonyesha. Alitazama vizuri, kama mtu anayesoma bango lililoandikwa herufi ndogo. Kisha akanitazama mimi, akalikunja gauni lake, akatoka bila kuaga. Cherehani ilikuwa bado inalia.

"Umeona?" Rwamba akasema. "Na huyo alitupa udongo kwa mikono miwili."

Tulitembea hadi nyumbani. Mbwa wetu alinirukia mimi. Rwamba akampita, mbwa hakuinua hata sikio. Mama alikuwa uani anapepeta ndengu. Alinisalimu, akanishika uso, akanilaumu kwa kukonda, akauliza kama Embu hakuna chakula. Rwamba akasema, "Mama, habari ya mchana." Mama akaendelea na uteo wake. Basi dada yangu akachukua uteo mwingine, akaketi upande wa pili wa gunia, akaanza kupepeta naye, kama walivyofanya kila msimu tangu nikiwa mdogo. Makapi yakapaa, ndengu safi zikajaa kwenye beseni. Mama akatazama beseni akatabasamu.

"Upepo wa leo una huruma," akasema. "Unanifanyia kazi."

Rwamba aliendelea kupepeta mpaka gunia likaisha.

Mimi si mtu wa kushindwa bila kupigana. Hakuna aliyenifundisha utunzi. Nilijifunza mwenyewe vina na mizani kwa kuhesabu silabi mezani, na sijaona mwenye shahada wa kunitisha. Nikajiambia: kama maneno ndiyo yaliyomshusha, maneno yatampandisha, na ya kwangu ni bora kuliko ya kitabu cha Salesio. Nilikaa chini ya paa la jikoni nikaandika, kisha nikasimama mbele ya Mama nikasoma kwa sauti yangu yote:

Dada Rwamba nakuita, toka chini ya udongo,
Na mauti tuna vita, mazishi yale uongo,
Kamera imeshapita, tikisa vumbi mgongo,
Njoo nyumbani kwa mama, ujibu unapoitwa.

Mama alisikiliza kwa makini mpaka mwisho. Macho yalimlowa.

"Ni zuri sana, mwanangu. Limenigusa hapa." Akajigusa kifua. "Huyo Rwamba ni nani? Ni msichana wako wa Embu?"

Nyuma yangu nikamsikia dada yangu akivuta pumzi.

Nikampigia Mwirigi kwa hasira. Nilimwambia aifute filamu, asiionyeshe uwanjani Kinoru kule Meru wala popote, dada yangu anapotea.

"Dada yako yupi, bro?"

"Rwamba! Maiti wako!"

"Aaa, yule maiti!" Nilimsikia akicheka, kisha kicheko kikafifia. "Alikuwa mkali sana yule. Unajua sikumbuki tulimtoa wapi? Najaribu kuukumbuka uso wake hapa... Wewe, usiniharibie. Watu wameshaanza kuipenda."

Niliifungua filamu tena nione kama kuna mahali pa kuanzia, kosa fulani, kitu cha kukata. Nikatazama sanduku likishuka. Nikatazama mikono na udongo. Nilipoinua kichwa, kiti alichokuwa amekalia dada yangu mbele yangu kilikuwa kitupu.

"Rwamba?"

"Niko hapa."

Sauti ilitoka kwenye kiti. Nilikazia macho ukuta wa bati, misumari yake, kutu yake. Kidogo kidogo akaja, kwanza rangi ya kitenge, kisha mabega, kisha uso, na uso ulikuwa umejaa hofu ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Muriithi, mbona unaangalia ukuta?"

Hapo nikaelewa. Waliotupa udongo walimpoteza mara moja. Sisi tunaotazama tunampoteza polepole, na mimi nilikuwa nimetazama kuliko wote na kusifu kuliko wote. Niliifuta filamu kwenye simu. Haikunisaidia sana. Njiani kwenda kwa Mchungaji Salesio ilibidi nimshike mkono, kwa sababu mwangaza wa jua ulikuwa ukimpita kama unavyopita kwenye moshi.

Mchungaji tulimkuta anaziba zizi la mbuzi kwa miiba. Alinikaribisha mimi peke yangu.

"Mchungaji," nikasema, "ulimzika dada yangu akiwa hai."

"Mimi nimezika watu wengi, kijana. Wote walikuwa wamekufa."

"Yule wa sinema."

Alisimama na mwiba mkononi. "Ile ya kamera? Nilisoma ibada. Walioniita walitaka mazishi, nikawapa mazishi. Niliwaambia mapema kwamba sijui kuigiza."

"Basi mfukue. Soma ibada ya kumtoa."

"Haipo."

"Haipo vipi? Kitabu kizima hicho?"

"Kuna ya kuzaliwa, ya kuoa, ya kuugua, ya kufa. Ya kumrudisha mtu kutoka kaburini sikupewa. Aliyekuwa nayo unamjua, na mimi siye." Alisema bila kiburi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Nikikutungia moja hapa nitakuwa ninaigiza, na haitashika."

Rwamba akanivuta mkono. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mwambie anibatize."

"Nini?"

"Anajua kubatiza. Aniingize upya, kama mtu mwingine mwenye jina jingine."

Nilimweleza mchungaji. Akatikisa kichwa. "Ubatizo ni mmoja, kijana. Hata watoto wa Jumapili wanajua."

"Ni mmoja kwa mtu mmoja," nikasema, na sasa nilikuwa ninapiga kelele, mbuzi wakarudi nyuma. "Agnesi Rwamba umemzika kwa mkono wako na kwa jina lake! Kitabu chako kimeshamfunga. Niliyemshika hapa ni nani? Mwambie Mungu huyu ni nani! Kama hana jina, si ni kazi yako?"

Mzee alitazama mkono wangu ulivyoshika hewa. Alitazama chini. Vumbini, mbele ya nyayo za viatu vyangu, kulikuwa na nyayo mbili za miguu mitupu, na moja ikasogea. Aliutupa mwiba. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Twende bwawani," akasema.

Maji ya bwawa wakati wa kiangazi ni machache na yana rangi ya chai. Mchungaji aliingia na viatu vyake mpaka kiunoni, nami nikaingia, na dada yangu katikati yetu. Maji yalijipanga kumzunguka. Palikuwa na shimo majini lenye umbo la mtu, na kingo zake zilikuwa zinatetemeka. Nilichukua kiganja cha mchungaji nikakiweka pale nilipodhani pana kichwa. Akashtuka.

"Zina joto," akanong'ona. "Nywele zina joto." Kisha, kwa sauti ya kanisani: "Unaitwa nani?"

Sikusikia kitu. Nilikuwa nimeshika mkono ambao sikuuona, na sikusikia kitu. Lakini mchungaji aliinamisha sikio kama mtu anayenong'onezwa siri na mgonjwa.

"Kaari," akarudia. "Anasema Kaari."

Unaweza kuwapata akina Kaari kila kilima cha Embu na Meru. Ni jina ambalo halimwelekezi mtu kwenye mlango wowote. Alimzamisha kwa Baba, kwa Mwana, kwa Roho Mtakatifu, bila kuruka neno, polepole kama alivyozika. Shimo likafungika. Kwa kitambo maji yalikuwa maji tu, na mkono wangu haukuwa na kitu ndani yake.

Halafu msichana akainuka akikohoa, matope kwenye kope, kitenge kimemganda mwilini, kivuli chake kimelala juu ya maji, kirefu na cheusi.

"Karibu, binti," mchungaji akasema, meno yakimgongana. Alimtazama usoni bila dalili yoyote ya kumjua. "Karibu katika nyumba ya Bwana. Nyumbani kwenu ni wapi?"

Tulishika njia ya nyumbani. Nilitaka kumwita kwa jina lake, na mara mbili nilifungua mdomo. Alinitangulia kusema.

"Usilitaje," akasema. "Tafadhali. Nilihisi likibaki kule chini."

"Mimi nitalikumbuka."

"Likumbuke ukiwa peke yako."

Mbwa alibweka tulipokaribia. Alimbwekea yeye, kwa ukali, meno nje, na dada yangu akacheka na kulia kwa pamoja akiwa amesimama pale njiani. Mama akatoka jikoni akijifuta mikono. Alimwona. Alimwona kabisa, tangu nywele zilizolowa mpaka miguu yenye matope, na mkono ukamwenda kifuani.

"Ngai! Mungu wangu! Nani amemlowesha mtoto wa watu hivi? Njoo, njoo kwenye moto." Alimshika mabega, akamvuta karibu, akamfuta uso kwa ncha ya leso yake kama anavyofutwa mtoto mchanga. "Wewe ni wa kwa nani, mama?"

Dada yangu akanitazama mimi, mimi ninayejibu kila mtu kabla hajamaliza swali.

"Ni mgeni wangu, Mama," nikasema. "Anaitwa Kaari. Hana mahali pa kukaa."

"Basi atakaa hapa. Chumba kipo." Mama alionyesha kwa kidevu upande wa nyuma wa nyumba, akakunja uso kidogo. "Kina kitanda na kila kitu. Sijui hata tulimjengea nani."

Kaari akashukuru. Akazunguka nyumba, akapita penye kamba ya nguo, akainama penye boriti ile inayogonga vichwa vya wageni wote, akaufungua mlango mgumu kwa kuunyanyua kwanza. Mama alisimama uani akimtazama mpaka ulipofungwa.