Sura ya Kuazima

Udongo wa kaburi la Kipusa ulikuwa haujashikamana vizuri pale wanawake waliomfukuza chamani walipoingia dukani kwake kuomba picha yake. Mdogo wake alikuwa nyuma ya kaunta akipima misumari. Hakusema karibu, walijikaribisha wenyewe. Mwenyekiti wa chama akajimwaga juu ya mifuko ya saruji kama malkia, Katibu wake akabaki wima, anaogopa vumbi.

"Pole sana, mdogo wetu. Dada yako tulimpenda mno."

"Ndiyo maana mkamtoa?"

Mwenyekiti akakohoa kikohozi cha kutunga.

Kosa la Kipusa mtaa mzima uliliimba. Alipaka rangi ya mdomo, akavaa gauni la kumkaa, akaenda kwenye majengo yanayojengwa na kucheka na makandarasi mpaka wakasahau kama kuna maduka mengine. Hakujificha. "Wale wananunua bati kwa macho," alikuwa akisema. "Sasa mimi niwafumbe?" Chama cha kutetea wanawake kikamwita kikaoni, kikamwambia anawarudisha wenzake nyuma, kikamtoa. Hata mdogo wake, ambaye hakujaliwa sura, alikuwa akimgombeza: "Dada, saruji yetu nzuri. Kuchekacheka kwa nini?"

"Haya, cheka wewe basi, tuone kama utauza hata msumari," Kipusa alimjibu.

Mwenyekiti alianza kwa sauti ya asali. "Tunajenga ukumbi wa kuwafundisha wasichana kazi. Tumeamua tuupe jina la dada yako."

Mdogo mtu akaacha mizani. Tangu mazishi hakutaka kingine: jina la dada yake litamkwe kwa heshima na midomo ile ile iliyolitema.

"Ila tunataka picha ya kuweka kwenye bango la kuchangisha," Mwenyekiti akaendelea. "Ile ya gauni jekundu."

"Kwa nini ile?"

"Inavuta, shoga," Katibu akadakia. "Wachangiaji wengi wanaume, si unawajua?"

Mwenyekiti alimfinya, lakini maneno yalikwishatoka.

Mdogo mtu akaingia chumba cha ndani, akarudi na picha moja. Kipusa juu ya lori, kitambaa cha kichwa kimemwendea upande, uso wa kijivu kwa saruji, mdomo wazi anamtukana dereva aliyeleta mifuko iliyopasuka.

"Chukueni hii."

Mwenyekiti aliishika kwa ncha za vidole. "Hapa... hajapendeza."

"Hapa yuko kazini."

"Hii haitatuletea kitu, mama."

"Mbona hajamrembulia mtu macho? Si ndivyo mlivyomtaka?"

Katibu akatazama dari. Mwenyekiti akairudisha picha juu ya kaunta, taratibu, kama anayerudisha samaki aliyeoza.

"Mdogo wetu, tusikasirishane. Bila ile ya gauni, ukumbi tutaupa jina la mtu mwingine."

"Upeni. Uzuri wake aliuzia bati zake mwenyewe, na bati hazikuvuja. Ninyi mnataka kuuzia nini? Hotuba?"

"Una kiburi kama yeye."

"Sina sura tu."

Wakatoka wakinong'ona, tena kwa makusudi asikie: kichaa, mchawi wa bahati yake. Alirudi kwenye misumari, ikamwagika sakafuni. Hapo ndipo alipolia. Aliutaka ule ukumbi kuliko wao wote.