Kipimo cha Chumba cha Apolena

Vratislav Kubelka hakuwa na ugomvi na gesi. Alizaliwa juu yake, katika mji wa milimani ambako wageni hulipa kuoga maji yenye radoni, gesi hiyo ya mionzi, ili viungo vyao vilegee. Ugomvi wake ulikuwa na mama mkwe wa binti yake, bibi mmoja wa mji wa Plzeň, aliyekwisha kushona mapazia ya chumba cha mtoto ambaye hajaalikwa rasmi.

Mtoto mwenyewe alikuwa Apolena, wa wiki chache. Baba yake, mkwe wa Vratislav, alikuwa anaenda kufanya kazi mbali majira yote ya joto, na Ludmila, mama Apolena, alipaswa kuchagua: kwa baba yake milimani, au Plzeň.

"Ningependa kuja kwako, baba," alisema kwenye simu. "Lakini nyumba ipimwe kwanza. Ile gesi inapanda kutoka kwenye miamba, inapenya kwenye nyufa za sakafu, na mapafu ya mtoto ni madogo."

"Watu wanatoka Ujerumani kuja kuivuta, mwanangu."

"Wanaivuta wiki tatu halafu wanarudi kwao. Kipimo kikizidi bekereli mia tatu, kile kiwango cha juu cha serikali, siji."

Basi mwezi wa pili akaja injinia Svatava Tichá, mwanamke wa maneno machache. Akaweka kikopo cheusi cha plastiki juu ya kabati, katika chumba atakacholala mtoto. "Kikae hapa miezi miwili, mzee. Kisiguswe."

Gari lake lilikuwa halijafika kwenye kona, Vratislav akakigusa. Alikuwa amewaza jambo hilo kwa utaratibu. Chumba kile kilikuwa juu ya handaki la viazi, ghala lililochimbwa chini ya nyumba, na sakafu ya handaki ilikuwa na ufa unaoingia kidole. Banda la kuku halikuwa na handaki. Lilikuwa nje, mbali na nyumba, na yeye mwenyewe alikuwa ameziba kila tundu kwa sababu ya vicheche. Gesi ingepitia wapi? Akakitundika kikopo juu ya viota. Siku moja kabla ya injinia kurudi, alikipangusa na kukirudisha kabatini.

Majibu yalifika kwa barua, nakala moja kwake na nyingine kwa Ludmila. Elfu tano na mia moja.

Jirani yake Bohouš, aliyewabebea wageni taulo kwenye bafu la radoni la mji kwa miaka thelathini, aliisoma barua mara mbili. "Bwana, hata bafu letu linakuonea wivu. Weka kibao nje, uanze kukata tiketi."

Simu ikalia. "Baba, tunaenda Plzeň," alisema Ludmila. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa na huruma, na hilo lilimuuma zaidi. "Na wewe toka humo. Wameandika chumba kisitumiwe na mtu yeyote."

Vratislav akapiga hesabu. Kukiri ni kuonekana mwongo. Kunyamaza ni kumpa yule bibi mtoto, pamoja na mapazia yake. Akampigia injinia, akamweleza kikopo kilikokuwa.

Svatava alikuja kesho yake na mashine ya kupima papo hapo. Hakuuliza mengi. "Nilikuta unyoya ndani ya kikopo," alisema. "Nikadhani ni wa mto wa kulalia."

Wakasimama bandani, kuku wakiwatazama. Injinia alibisha ukuta kwa ufunguo. "Banda hili limejengwa kwa mawe ya wapi?"

"Ya lundo la mgodi. Kila mtu alichukua kule. Yalikuwa ya bure."

"Mgodi wa urani."

"Hapa kulikuwa na mgodi mwingine?"

"Urani ndiyo inayoizaa gesi hiyo. Yaani umekiweka kikopo ndani ya sanduku la mawe ya urani, mzee wangu, ukaziba na mlango."

Bohouš, aliyekuja bila kuitwa, akauliza kuhusu mayai, maana alikuwa amekula mengi. "Mayai kuleni," alisema Svatava. "Kuku wafungulieni dirisha."

Katika chumba chenyewe mashine ilisoma mia sita na arobaini. Si elfu tano, lakini si mia tatu pia. Siku tatu mafundi waliziba nyufa za handaki, wakatoboa sakafu, wakachimba shimo dogo chini yake na kupandisha bomba hadi juu ya paa. Feni ndani ya bomba ikaanza kuinyonya gesi chini ya sakafu na kuitupa hewani, kabla haijaingia ndani. Vratislav aliwabebea zege, na hakutoa ushauri wowote. Svatava aliweka kikopo kipya na kukifunga kwa lakiri.

Majibu ya mara hii: themanini na tano. Vratislav alimtumia Ludmila nakala, na chini yake, kwa mwandiko wake, habari nzima ya kuku.

Ludmila alifika mwanzoni mwa mwezi wa saba na mtoto amelala begani. Hakuingia. Alisimama kibarazani, akatoa simu.

"Injinia Tichá? Samahani kukusumbua. Hii themanini na tano ni ya chumba cha watu?"

Vratislav alisubiri, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayepokea kuni. Ludmila alisikiliza, akashukuru, akamtazama baba yake kwa muda uliozidi kidogo ule aliostahili. Kisha akamwekea Apolena mikononi.

"Shika kichwa," alisema.